Msimu Walioniita Maksai

17 Novemba

Mvua ya kupandia imeingia. Ilianza kabla jogoo hajawika, ikakatika saa tatu asubuhi. Nilizamisha mkono udongoni nikakuta unyevu hadi kifundo.

Bwana shamba aliyetugawia madaftari haya alisema tuandike siku za mvua, basi. Mimi siwezi kuandika neno "mvua" nikafunga daftari. Shule niliishia darasa la saba, lakini mwalimu mkuu akitaka tangazo liandikwe vizuri alikuwa ananiita mimi. Kwa hiyo nitaandika.

Jina langu ni Maige, mwana wa Jilala. Nina miaka arobaini na tatu, nalima pamba upande huu wa Songwa, na mimi ndiye manju wa ngoma ya Bagalu, natunga nyimbo na kuziongoza tangu sijaota ndevu vizuri. Nina maksai wanne wa kulimia, na hapa kijijini hakuna wanaonyoosha tuta kuliko wao. Nina mke mmoja, Esta, watoto sita, na wa saba yuko njiani. Leo tumepanda ekari nne. Esta naye amedondosha mbegu, tumbo la miezi saba mbele yake. Nilimwambia apumzike. Akasema, "Mvua itanisubiri nijifungue?"

Mwanamke wa namna hiyo ninaye mimi peke yangu.

18 Novemba

Mvua. Tumemaliza kupanda.

24 Novemba

Hakuna mvua. Pamba imechomoza, mistari imenyooka.

1 Desemba

Mvua ndogo mchana. Baba alikuja kuangalia shamba. Mzee Jilala ana miaka sabini na nane, ameoa wake watatu na kuzaa watoto kumi na saba, na bado anatembea kilomita nne na kigoda chake begani kwa sababu hakalii kiti cha mtu. Aliketi mlangoni, akawaita wajukuu mmoja mmoja, akawashika vichwa.

Akaniambia, "Mji wenye kelele za watoto hauingiliwi na fisi."

Kisha akamtazama Esta. "Huyo ni wa kiume. Atabeba jina la baba yangu."

Nilijisikia mkubwa, siwezi kuficha. Esta alikuwa anapanga michembe ya viazi juani ikauke. Hakuinua uso.

14 Desemba

Hakuna mvua siku ya tisa. Nesi Asteria wa zahanati yetu ameniita. Presha ya Esta imepanda na miguu imevimba. Anataka nimpeleke Shinyanga mjini akasubiri kujifungua hukohuko. Nimemwambia palizi ikiisha. Akasema, "Baba Nelly, majani yanasubiri. Presha haisubiri." Nimeahidi baada ya Noeli.

22 Desemba

Mvua kubwa. Korongo limejaa.

25 Desemba

Mvua. Nelly, binti yetu mkubwa, amerudi kutoka shule ya bweni Kahama. Kabla hata ya kula pilau ameniuliza, "Baba, mama mbona bado yuko hapa?" Nilimjibu kwamba mama yake amezaa sita bila kuuliza ushauri wa mtoto. Akanitazama kwa macho yale ya mama yake.

30 Desemba

Mvua. Palizi bado robo.

4 Januari (naandika tarehe 8, nje ya wodi, Shinyanga mjini)

Siku nne sijashika kalamu. Hili daftari Nelly ndiye aliyeniletea.

Uchungu ulimshika Esta saa kumi na mbili asubuhi, wiki mbili kabla ya hesabu ya Nesi. Mvua ilikuwa inanyesha tangu jana yake. Nilikimbia zahanati. Asteria alipofika alimtazama uso uliovimba, akampima, akamuuliza kama anaona vizuri. Esta akasema anaona kama moshi. Asteria hakupiga kelele. Alinigeukia tu: "Fungeni ng'ombe. Mtoto huyu hazaliwi hapa."

Hakuna gari linalovuka korongo likiwa limejaa. Mwigulu, jirani yangu na mpiga ngoma wangu mkuu, alimpigia simu Kamrudin, mwenye duka la pembejeo kule Maganzo, atupelekee kenta yake ukingo wa pili. Tulimlaza Esta kwenye mkokoteni juu ya godoro, Asteria akapanda naye, Nelly akamshikilia kichwa. Mwigulu alitangulia ameshika nira. Maji yaliwafika ng'ombe kwenye kifua. Tulipokuwa katikati ya korongo godoro likaanza kulowa, nikafikiri ni maji. Nikaona rangi.

Nimeimba mbele ya watu elfu. Pale sauti haikutoka, hata ya kuwasukuma ng'ombe. Mwigulu ndiye aliyewapigia mluzi.

Kamrudin alikuwa ameshafungua nyuma ya kenta, ametandika maturubai. Hakuuliza kitu. Aliendesha kwenye lile tope kama mtu anayefukuzwa.

Hospitali walimpasua. Akatoka daktari mmoja, dada mdogo kwa umri, aproni yake sitaki kuieleza, akasema mtoto ni wa kike na analia, lakini mama anamwaga damu na wanataka watu wa kutoa. Nilitoa. Mwigulu akatoa. Nikamwona Mwigulu amekaa kwenye benchi anakula biskuti alizopewa, matope hadi kiunoni, na mimi nikasimama nikamwangalia tu. Mwanamume akimtolea damu mke wa mwenzake, deni lake halilipiki kwa maneno.

Jioni daktari alinikuta nimechuchumaa ukutani. "Amepona. Kizazi tumekiokoa. Lakini nikuambie wazi, baba: mimba nyingine itamuua."

Mtoto tumemwita Kabula, maana amekuja na mvua, ambayo sisi Wasukuma huiita mbula.

11 Januari

Sijui kama kumenyesha nyumbani.

Nitaandika jambo ambalo nalijua mimi, Esta na Nesi Asteria. Miaka miwili iliyopita, nikimshika mkono mke wangu, niliona kitu kigumu chini ya ngozi, upande wa ndani juu ya kiwiko. Kijiti cha uzazi wa mpango. Alikuwa amekiweka bila kuniambia. Nilisema nimeibiwa ndani ya nyumba yangu. Kesho yake nilimpeleka zahanati mwenyewe, nikakaa hapohapo hadi kitolewe. Asteria alimuuliza Esta mara tatu, "Ni wewe unayetaka?" Mara tatu mimi nikajibu, "Ndiyo." Nesi akaweka mkasi mezani akasema yeye hajaniuliza mimi. Esta akasema taratibu, "Toa tu, Nesi."

Nilitembea kurudi nyumbani nikijiona mume.

Leo Esta ameweza kukaa. Nikamwambia maneno ya daktari, kisha nikasema labda arudishe kile kijiti. Alinitazama. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

"Mkono wangu ulikatwa kuweka," akasema. "Ukakatwa tena kutoa. Sasa tumbo nalo limekatwa. Baba Nelly, mimi nimeshakatwa vya kutosha. Safari hii akatwe mwingine."

20 Januari

Tumerudi nyumbani. Mvua ndogo. Mwigulu na mkewe wamemaliza palizi yetu tukiwa hospitali.

28 Januari

Hakuna mvua. Nilikwenda kwa Asteria kuuliza maana ya "akatwe mwingine", ingawa maana nilikuwa naijua. Akaeleza: mwanamume hufungwa mirija inayopitisha mbegu. Ganzi, tundu dogo, dakika kama ishirini, anarudi nyumbani kwa miguu yake. Nguvu zinabaki, hamu inabaki, kila kitu kinabaki isipokuwa mbegu.

"Umewafunga wanaume wangapi hapa?" nikauliza.

"Miaka kumi na moja nipo. Hata mmoja."

"Basi na mimi usinihesabu." Nikatoka bila kuaga. Njiani nilijiona nimemjibu vizuri sana.

6 Februari

Mvua. Baba amekuja. Alimpa Esta pole, akambeba Kabula, akasema si kitu, wa kike huleta ng'ombe. Kisha akanivuta zizini.

"Mwache mke wako apumzike. Ng'ombe ninao. Oa mwingine, azae huyo. Esta abaki mkubwa wa mji. Hapo nani ameonewa?"

Kwa namna ya wazee wetu, hayo ni maneno ya huruma.

10 Februari

Mvua. Naandika ukweli kwa sababu daftari ni langu: siku nne hizi nimemfikiria huyo mke mwingine. Hadi sura nimeshampa.

Leo nilikuwa natengeneza mkokoteni. Ubao wa chini una doa ambalo mvua zote hizi hazijalitoa. Nikajiona nampakia yule mwingine, binti wa watu, ananiamini. Nikajiuliza, naye nitamvusha mara ngapi?

Nimemtumia Baba salamu kwamba sioi.

15 Februari

Hakuna mvua. Mwalimu Ignas, katekista wetu, alikuja kumwona Esta. Nilimsindikiza, nikamuuliza habari ya kufungwa mirija. Nilitegemea ataniwakia. Alisimama akaegemea baiskeli.

"Mafundisho unayajua, Maige. Uhai ni wa Mungu, na njia hiyo Kanisa haliikubali. Mimi na mke wangu tunafuata kalenda mwaka wa ishirini sasa. Imetuponyoka mara mbili, na hao wawili ndio wanaonichekesha siku hizi."

"Na kalenda ikituponyoka sisi?"

Alitazama chini. "Siwezi kukubariki kwa hilo. Wala siwezi kukuambia ukamzike mkeo. Nitakuombea, na hapo ndipo elimu yangu inapoishia."

Nilikuwa namdharau kidogo Mwalimu Ignas, kwa sababu ya sauti yake ya puani. Leo nimemheshimu. Watu wengi hawajui elimu yao inaishia wapi.

20 Februari

Mvua.

2 Machi

Mvua asubuhi. Pamba imetoa maua, ya kwanza ya ekari za juu. Nilimkuta Esta ameketi anamnyonyesha Kabula nikamwambia, "Madaktari wa uzazi wa mpango wanakuja zahanati tarehe kumi na mbili. Nimejiandikisha."

Nilidhani atalia, au atanisifu. Aliuliza, "Kwa sababu yangu au kwa sababu unaona aibu?"

Nikasema, "Vyote."

"Sawa," akasema. "Bora hukudanganya." Akambadilisha Kabula ziwa. Baada ya muda nikamsikia anaimba polepole wimbo wangu wa mwaka juzi, na anaukosea palepale anapoukoseaga siku zote.

12 Machi

Hakuna mvua. Zahanati kulikuwa na wanawake kama arobaini, na mimi. Niliposema "Mwangaluka" kuwaamkia, waliitikia wote, kisha wakanyamaza kama kuku walioona mwewe. Mama mmoja akaniuliza nimemleta nani. Nikasema nimejileta.

Asteria alitoka na karatasi. Alinieleza mbele ya daktari kwamba hii ni ya kudumu, haifunguliwi kama mlango, nikitaka kurudi nyumbani ruksa. Aliniuliza mara tatu kama ni mimi ninayetaka. Nilimwelewa kwa nini tatu. Nikasaini kwa hati yangu nzuri.

Sikusikia maumivu, nilisikia kuvutwa kama mtu anayechomoa uzi kwenye nguo. Daktari alinisimulia habari za mpira muda wote. Nilipotoka, wanawake wale walinipisha njia. Mmoja wao, bibi wa makamo nisiyemjua jina, akanishukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, baba." Mmoja tu. Lakini nimetembea na hilo neno hadi nyumbani.

Kwa miezi mitatu tutatumia kondomu, kisha nitapimwa.

13 Machi

Nimelala. Esta amenipikia uji kama mzazi. Anacheka peke yake jikoni.

19 Machi

Mvua. Wanawake arobaini wana waume arobaini. Kijiji kizima kinajua.

30 Machi

Mvua. Nilikuwa nanyunyizia dawa ya funza wa vitumba. Vijana walipita njiani, mmoja akaita, "Maksai! Leo nani amekufunga nira, mkeo?" Wenzake wakaanguka kwa kicheko.

Niliendelea kupampu bomba.

3 Aprili

Mvua kubwa. Nilikwenda kwa Baba kabla hajasikia kwa watu. Nilichelewa. Nilisema, "Shikamoo Baba." Hakusema marahaba. Katika miaka arobaini na tatu haijawahi kutokea.

"Nilikuzaa dume," alisema. "Umekwenda kujifanyia mwenyewe kile tunachowafanyia ng'ombe."

"Nina watoto saba, Baba."

"Nilikuwa na kumi na saba, na sikuwahi kusema yatosha."

Nikarudi. Njiani mvua ilinipiga, nikashukuru, kwa sababu mtu akikutana nami asingejua maji yapi ni ya mvua.

14 Aprili

Mvua. Mwigulu alikuja. Hakutaka kukaa. Bagalu wamekutana bila mimi. Wanasema mwaka huu niache mtu mwingine aongoze, kwa sababu Valerian, manju wa mahasimu wetu Bagika, ameshatunga wimbo wa maksai na unaimbwa hadi mnadani. Watatuaibisha siku ya Sabasaba.

"Na wewe ulisemaje?" nikamuuliza.

Alikwaruza ardhi kwa kidole cha mguu. "Damu nilitoa, Baba Nelly. Ningetoa tena. Lakini kucheza nyuma yako uwanja mzima unacheka… sijui kama naweza."

Sikumlaumu. Mtu anaweza kuvuka korongo lililojaa akashindwa kuvuka kicheko.

15 Aprili hadi 2 Mei

Mvua, mvua, hakuna, mvua. Sina la kuandika.

9 Mei

Jua. Vitumba vimepasuka. Shamba leo lilikuwa jeupe kutoka njiani hadi kichuguu, na bwana shamba amewaleta wakulima wa kijiji cha pili waje waone nafasi kati ya miche. Walinisalimia wote kwa adabu. Mmoja akasema pembeni, nikasikia, "Ndiye yule." Mwenzake akamjibu, "Basi yule anajua kulima."

21 Mei

Jua. Esta amerudi shambani, Kabula mgongoni. Nilimwambia achume mistari miwili tu. Alichuma minane akanipita. Alipofika mwisho alisimama, mikono kiunoni, jasho linamtoka, akapiga kigelegele kimoja bila sababu. Sababu ninayo mimi. Januari nilikuwa nimeanza kufikiria jeneza lake.

Hapo nilitaka yule kijana aliyenicheka nikinyunyizia dawa apite tena aniite jina lolote analotaka.

14 Juni

Majibu yametoka. Asteria amesema, "Hakuna mbegu hata moja." Hakuna manju aliyewahi kupewa habari kama hiyo akatoka anatabasamu. Nimetabasamu.

23 Juni

Jua na vumbi. Bagalu wamerudi kwangu, Mwigulu mbele. Waliyemweka aongoze hawezi kumjibu Valerian. Kila akijaribu, anatetea badala ya kushambulia, na ngoma haitetewi. Mwigulu alisema mbele ya wote, "Niliona aibu. Sasa naona aibu ya ile aibu." Nikamwambia akakaze ngozi za ngoma.

26 Juni

Nimemwimbia Esta wimbo mpya jikoni. Alisikiliza huku anasonga ugali. Ulikuwa na ubeti huu:

Nyinyi madume wenye pembe,
wake zenu wako wapi?

Mwiko ukasimama. "Huo toa."

"Ndio mkali kuliko yote."

"Valerian alizika mke mwaka jana, na mtoto tumboni. Umesahau? Unataka kushinda au unataka kumchoma mwenye kidonda?"

Nilibishana naye hadi ugali ukapoa. Manju huwa hatoi ubeti wake mkali. Nimeutoa.

7 Julai

Naandika asubuhi ya tarehe 8, sauti imekauka, mkono tu ndio unaoweza kusema.

Kwetu ngoma mbili huchezwa uwanja mmoja, kwa wakati mmoja, huku Bagalu, kule Bagika, na hakuna mwamuzi. Watu wenyewe ndio hukumu: wakivutiwa na wale wanawafuata wale, na kundi lililoachwa linabaki na vumbi lake. Uwanja ulijaa tangu saa nne. Nilimwona Baba. Alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, upande wa Bagika. Mzee aliyecheza Bagalu tangu ujana wake.

Valerian alianza na wimbo wake wa maksai. Ni wimbo mzuri, nisiseme uongo. Watu walikwenda kwake kama maji bondeni, wakicheka, wakinyoosha vidole. Nyuma yangu nikasikia ngoma ya Mwigulu inayumba. Nikamgeukia nikamwambia, "Piga kama ulivyovuka korongo." Akapiga.

Nikaimba, kwa Kisukuma, lakini hapa naandika kwa Kiswahili:

Mmeniita maksai, naitika, nipo.
Dume hufukua vumbi, shamba likabaki pori.
Maksai huvuta jembe, kihenge kikajaa.
Umekula mtama wangu, unacheka jasho langu?

Mke wangu aliingia majini nikaona rangi ya kifo.
Nilimwahidi Mungu, nilimwahidi na yeye.
Wanawake hukatwa kila mwaka, hatuwatungii wimbo.
Mimi nimekatwa mara moja, tazama, nina nyimbo mbili!

Wakaanza kucheka wanawake. Kicheko chao hakikuwa kile cha Valerian. Mmoja akapiga kigelegele, nikaijua sauti kabla sijageuka: Nesi Asteria, na sare yake ya kazi. Wakaanza kuvuka. Kwanza wanawake, wamebeba watoto na viti. Kisha wasichana. Kisha wanaume waliokuja kuwatafuta wake zao wakabaki. Nilirudia ubeti wa kwanza, na waliuitikia watu ambao nusu saa kabla walikuwa wananinyooshea vidole. Upande wetu ulipanuka hadi tukasogea nyuma.

Kule ng'ambo Valerian alikuwa amenyamaza, anasikiliza. Nilipofika kwenye maji na rangi ya kifo alivua kofia yake ya manyoya. Alisimama hivyo, kofia mkononi, mpaka mwisho. Ule ubeti ungekuwemo ningejichukia hadi naingia kaburini.

Kisha nikamwona Baba. Alisimama, akainama, akachukua kigoda chake, akakiweka begani. Akavuka uwanja peke yake, katikati kabisa, polepole, watu wote wakimwona. Hakuna aliyemsaidia kwa sababu hakuna aliyethubutu. Akakiweka kigoda chake mbele yangu, akakaa, akaegemeza mikono kwenye fimbo.

Sikumbuki niliimba nini baada ya hapo. Mwigulu anasema niliimba vizuri.

Ngoma ilipoisha nilikwenda nikapiga goti. "Shikamoo, Baba."

"Marahaba." Akaegemeza kidevu kwenye fimbo. "Mama yako alikuwa na sauti kukushinda. Mlipokuwa wadogo tuliwaambia aliondoka kwa homa. Aliondoka na mtoto wa nane. Muuguzi wa misheni alikuwa ameniambia yatosha, miaka miwili kabla." Akanitazama. "Nilimwambia asinihesabu."

Sikumwambia kwamba na mimi niliyasema hayohayo, nikitoka bila kuaga. Nilimbebea kigoda hadi kwake. Ndiyo mara ya kwanza amekubali kibebwe na mtu.

12 Julai

Mimi Esta ndiye ninayeandika leo. Baba Nelly ameniachia daftari, kurasa zimebaki chache. Hati yangu si kama yake, mnisamehe.

Nimesoma yote. Ameandika kweli, hata yale ambayo angeyaruka nisingejua. Ila ameandika kama vile ushujaa ulianza tarehe kumi na mbili Machi. Mimi naona ulianza siku aliyosema "vyote". Kukatwa hata ng'ombe hukatwa. Kusema vile kunahitaji mtu.

Ninamwonea fahari. Nimemwambia, na nimeandika hapa ili asiseme nilikuwa nimelewa na ngoma. Lakini na mimi nijionee fahari yangu, kwa sababu hakuna aliyeniandikia. Nimezaa saba, wote wako hai. Nimekosea mara moja kwa kuficha, na sikujutia, nilijutia tu kwamba nililazimika kuficha. Jana mke wa Mwigulu alikuja kuniuliza habari za kijiti, na mumewe alikuwa amemsindikiza, amesimama langoni anajifanya anaangalia mawingu. Julai haina mawingu.

Nina miaka thelathini na nane. Tangu niolewe sijapita msimu mmoja wa pamba bila mimba tumboni au mtoto mgongoni, na kila Sabasaba nimekaa pembeni nimeshika vitu vya wenzangu wanaocheza. Mwakani Kabula atakuwa anatembea. Nimeshawaambia wanawake wa Bagalu waninunulie kengele za miguuni, saizi yangu wanaijua. Mwakani nacheza mstari wa mbele, na Baba Nelly ndiye atakayeshika mtoto.